Glavu ya sensa kwenye singeli: usiipe ngoma

Wanaoniuliza kama glavu za sensa, zile zinazosoma mwendo wa mkono na kuamuru sauti kwenye laptopu, zinafaa kwenye singeli nawajibu zinafaa, ila usizipe kazi ya kupiga ngoma.

Tatizo ni kasi. Mapigo 200 kwa dakika maana yake pigo hadi pigo ni milisekunde 300, na ukiligawa pigo mara nne unabaki na 75. Humo humo sensa isome mkono, ruta ipeleke taarifa, laptopu itoe sauti. Ukisimama mita 10 kutoka kwenye spika, sauti kusafiri tu hewani inakula karibu 30. MC wa Manzese hasubiri hayo. Ngoma mwachie dijei na pedi zake za kugonga.

Mkono upewe vitu vya kuvutika: mwangwi, kuchuja besi. Mwangwi ukichelewa kidogo hakuna atakayejua. Hata Imogen Heap, mwanamuziki wa Uingereza na mwanzilishi wa glavu za Mi.Mu, huzitumia kunasa sauti yake palepale jukwaani na kuichezea kwa mikono.

MC ninayemshikia mitambo nimempangia ishara chache tu. Akikunja ngumi, glavu inaamka. Akiinua mkono mwangwi unarefuka, akiushusha sauti inabaki kavu, bila mwangwi. Akifungua kiganja, glavu haisikii kitu. Hilo la ngumi ni la lazima, maana MC wa uswahilini hapungi mkono mara moja, anapunga usiku kucha, na bila kufuli kila salamu itavuruga wimbo. (Ishara kumi za kwenye video za mtandaoni ni za chumbani.)

Halafu kuna joto la Dar. Vaa glavu nyembamba ya pamba ndani, inyonye jasho kabla halijafika kwenye nyaya. Sensa za mwelekeo zirekebishe ukiwa pale pale utakaposimama, kwa sababu sumaku za spika kubwa huzipoteza zile zenye dira. Ruta iwe yako, masafa ya GHz 5, kwani simu za watu huwa zimejazana kwenye 2.4. Iweke kwenye betri: umeme ukikatika, jenereta huwaka upesi kuliko ruta inavyoamka.

Fundi mitambo naye apewe laini mbili za sauti, moja inayopita kwenye laptopu na nyingine ya maiki kavu, isiyopita huko. Glavu ikigoma anapandisha ile kavu, MC anaendelea kuchana.