Usitie Sahihi Matangani

Wiki iliyopita dada mmoja wa Voi aliniandikia. Mumewe aligongwa na lori pale Maungu, akakata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Matanga hayajaanuliwa vizuri, mtu wa bima akafika nyumbani na karatasi na ahadi ya shilingi 200,000. Ananiuliza: "Nitie sahihi? Watoto wanadaiwa karo."

Usitie, dada yangu. Karatasi hiyo inasema umepokea malipo kamili na ya mwisho. Ukishaitia sahihi, kurudi kudai zaidi ni vita.

Nasema kwa uchungu kwa sababu fidia ya ndugu yangu imelipwa mwezi uliopita tu, na yale tuliyopitishwa bado yananikaa rohoni. Alikuwa fundi wa kuchomelea Changamwe, mageti na grili za madirisha. Alikuwa abiria kwenye bodaboda, matatu ikawagonga kwa nyuma. Mwenye matatu alikuja matangani na wazee wawili, akasema atalipia jeneza na chakula, "mambo tuyamalize kindugu." Ami yangu akaitikia. Mimi nikakataa mbele ya watu. Walisema nataka kula damu ya ndugu yangu, na kuna jamaa ambao hadi leo hawanisalimii. Wifi yangu, aliyeachiwa watoto wawili, ndiye pekee aliyesimama nami.

Nilikuwa sahihi, na nitalisema bila haya.

Watu hudhani dereva akifungwa basi yamekwisha. Kesi ya trafiki ni ya serikali na dereva, haikupi hata senti. Fidia hudaiwa kwa kesi nyingine, ya madai, na dereva akipatikana na hatia nakala ya hukumu ile ni silaha kubwa, kwa hivyo itafuteni. Hapa Kenya aliyefiwa ana sheria mbili. Sheria ya Ajali za Vifo, sura ya 32, ni kwa waliomtegemea marehemu: mke au mume, watoto, wazazi. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, sura ya 26, ni kwa mali ya marehemu mwenyewe, yaani haki alizoziacha: maumivu aliyoyapata na maisha aliyokatiwa, ambapo mahakama nyingi hutoa kama shilingi 100,000 kwa hilo la pili. Ili kudai kwa niaba ya mali yake lazima kwanza mahakama ikupe idhini ya kusimamia, ile mawakili wanayoiita *ad litem*. Anza na barua ya chifu na cheti cha kifo.

Pesa yenyewe hasa iko kwenye ile sura ya 32. Hakimu huchukua mapato ya mwezi, akazidisha kwa 12, akazidisha kwa miaka ambayo marehemu angeendelea kufanya kazi, kisha akatoa sehemu aliyoitumia mwenyewe. Mwenye mke na watoto mara nyingi huhesabiwa kwamba theluthi mbili zilikwenda nyumbani. Chukua mtu wa shilingi 15,000 kwa mwezi, akapewa miaka 20: ni 2,400,000. Sasa ziweke hizo kando ya 200,000 za yule bwana wa bima.

Lakini hayo mapato ni lazima yathibitishwe, na hapo ndipo tulipoumizwa. Ndugu yangu hakuwa na hati ya mshahara. Wakili wa upande wa pili alimuuliza mama yangu kizimbani, mwanamke wa miaka sabini na kitu: "Mama, una risiti ya pesa ulizopewa na mwanao?" Risiti! Nani humwandikia mamake risiti? Mama alinyamaza, akaanza kulia. Kilichotuokoa ni taarifa ya M-Pesa. Tulikuwa tumeichukua kwenye laini ya mama na ya wifi, ikachapishwa ukurasa baada ya ukurasa: Ijumaa jioni, jina lake, kiasi; Ijumaa iliyofuata, jina lake, kiasi. Mwezi wa kufungua shule kiasi kinapanda. Hakimu aliisoma kimya kwa muda mrefu. Akakubali kwamba alikuwa akilisha nyumba, na kwa kipato akatumia kima cha chini cha mshahara wa fundi kilichowekwa na serikali.

Kwa hivyo wekeni karatasi, jamani. Namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, abstrakti, ile karatasi ya polisi yenye muhtasari wa ajali, ripoti ya upasuaji wa maiti, risiti za mazishi, rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zinazoonyesha gari ni la nani. Abstrakti ina jina la kampuni ya bima na namba ya bima yenyewe, na bima lazima ipewe ilani ya kesi mapema, la sivyo itakuruka. Mjue pia kwamba malipo ya bima ya lazima ya gari hayazidi shilingi milioni 3 kwa kila dai. Zikizidi, mwenye gari ndiye wa kudaiwa zilizobaki.

Na mabroka wa mochari! Walimfikia wifi yangu kabla mimi sijafika, wakitaja wakili ambaye "hataki kitu mpaka ushinde, halafu mnagawana." Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, hairuhusu makubaliano ya namna hiyo. Angalia kwanza kama wakili ana leseni ya mwaka huu kwenye orodha ya Chama cha Mawakili. Akikulia pesa, kuna Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili. Msiogope wakili. Ni mtu mliyemwajiri.

Tuache kuogopa mahakama. Tunaogopa kuitwa walafi, tunasema ni kazi ya Mungu, na mtoto wa marehemu anatumwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mungu hakuendesha lile gari. Sheria inakupa miaka 3 tangu kifo, na gari likiwa la serikali ni miezi 12 tu.

Dada wa Voi, mwambie huyo bwana akuachie nakala, na usiandike hata jina lako juu yake. Jumatatu nenda kituoni ukachukue abstrakti. Laini ya mumeo usimpe mtu, na yako omba taarifa ya M-Pesa ya tangu mlipooana.