Vinyoya: bingwa akiweka raketi chini, anakula nini?

SWALI: Binti yangu ana miaka 14. Kila jioni yuko kwenye uwanja wa saruji hapa Raskazone, anacheza mpira wa vinyoya (badminton). Jirani ananiambia mchezo huo hauna maisha, kwamba ukifika miaka thelathini umekwisha. Ni kweli? Bingwa akistaafu anaishi vipi?
Mama wa Raskazone, Tanga

JIBU: Mama, jirani yako kapata nusu. Lee Chong Wei wa Malaysia alistaafu 2019, Lin Dan wa Uchina 2020, wote wakiwa na miaka 36, na hao ni wa kuhesabika. Wengi miguu huwasaliti mapema zaidi.

Lakini mtazame Pullela Gopichand wa India. Alipasuliwa goti zaidi ya mara moja kabla ya kutwaa ubingwa wa All England, mashindano makubwa ya Uingereza, mwaka 2001, alipomfunga Chen Hong wa Uchina 15-12, 15-6 (enzi hizo seti ilikuwa ya pointi 15, ya 21 ilianza 2006). Alipoacha kucheza aliweka nyumba yake rehani ili ajenge chuo cha mchezo huu mjini Hyderabad, kikafunguliwa 2008. Humo wakapita Saina Nehwal, aliyepata medali ya shaba ya Olimpiki 2012, na P. V. Sindhu, aliyepata medali ya fedha 2016. Kabla ya Olimpiki hiyo Gopichand alimnyang'anya Sindhu simu kwa miezi mitatu, akamrudishia fainali ilipokwisha. Binti yako asiione aya hii, au aione, utaamua mwenyewe.

Susi Susanti wa Indonesia, bingwa wa Olimpiki 1992, aligeukia biashara: yeye na mumewe Alan Budikusuma, aliyepata dhahabu siku zilezile, walianzisha kampuni ya vifaa vya mchezo huu.

Kwa Tanga, riziki iliyo karibu zaidi ni ukocha wa watoto na kufunga nyuzi za raketi. Raketi moja hula takriban mita 10 za uzi, kwa hiyo roli la mita 200 hutoa raketi 20 hivi. Anayeanza afungiwe nyuzi kwa mvuto wa pauni 20 hadi 24. Zaidi ya hapo kiwiko kitalia. Na uzi mmoja ukikatika, raketi isiachwe hivyo hadi kesho. Kata zote papo hapo, ukianzia katikati kwenda pembeni, la sivyo mvuto wa upande mmoja utapinda fremu. Raketi nyingi huharibika hivyo, mwenye nayo akadhani kauziwa feki.

Ila ukocha wenyewe hutegemea magoti, na uwanja wa saruji hauna huruma. Anayeshika raketi kwa mkono wa kulia huumia zaidi goti la kushoto, anaporudi nyuma upande wa bekihendi (upande wa mkono usioshika raketi), akapiga juu ya kichwa na kutua kwa mguu mmoja uliokakamaa. Afundishwe kutua goti likiwa limekunjwa, likielekea vidole vya mguu, lisiingie ndani. Akichupa mbele kwenye neti, kisigino ndicho kitangulie. Viatu viwe vya soli bapa. Vya kukimbilia vina soli nene, kifundo hupinduka. Carolina Marín wa Uhispania, bingwa wa Olimpiki 2016, alikatika kano za goti mwaka 2019, 2021 na tena 2024 akiwa anaongoza nusu fainali ya Paris. Goti la namna hiyo likipasuliwa, kurudi mchezoni huchukua kama miezi tisa, si mitatu.

SWALI: Vinyoya tunavyonunua vinapitiliza mstari wa nyuma hata tukipiga kwa upole. Kosa letu au la duka?
Vijana wa Ngamiani

JIBU: La namba. Hewa ya joto ni nyepesi, kinyoya hupaa. Tazameni namba ya kasi kwenye kopo: 77 kwa Tanga ni kasi mno, takeni 76 au 75. Kupima, mtu asimame mstari wa nyuma, apige kutoka chini kwa nguvu zote, sambamba na mstari wa pembeni. Kizuri huangukia sentimita 53 hadi 99 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kikizidi kidogo, wengine hukunja ncha za manyoya mawili yanayotazamana kuelekea nje ili kipunguze mwendo. Mazoezini sawa. Kwenye mechi ni kosa, refa akikuona atakuadhibu. Na upepo wa bahari usiulaumu kwa kila kitu: fungeni madirisha kwanza, ndipo mpime.