Zirkoni inasema hivi, biotiti inasema vile: nichukue wastani?

SWALI (msomaji, Nyegezi, Mwanza): Gneisi (mwamba uliobadilishwa na joto na shinikizo) niliyoichukua kati ya Dodoma na Morogoro imepimwa. Zirkoni, punje ngumu zenye urani kidogo ndani yake, imetoa miaka milioni 2,650 na milioni 640. Biotiti, yaani mika nyeusi, kwa kipimo cha potasiamu na arigoni, milioni 500. Nimeambiwa nikokotoe wastani, ndio uwe umri wa mgongano ulioinua milima. Ni sahihi?

JIBU: Usikokotoe wastani. Jumlisha, gawa kwa tatu, utapata kama milioni 1,263: umri ambao hakuna punje hata moja ndani ya jiwe lako inayoushuhudia. Kosa hili linajirudia kwa sababu watu wanaamini jiwe lina umri mmoja. Kila aina ya madini huanza kuhesabu pale joto linaposhuka kiasi kwamba zao la mionzi (metali ya risasi itokanayo na urani, au gesi ya arigoni itokanayo na potasiamu) halivuji tena. Zirkoni hushika risasi yake hata kwenye nyuzi 900 za Selsiasi. Honiblendi, madini mengine ya rangi nzito, hushika arigoni kwenye 500 hivi, biotiti karibu na 300.

Kwa hiyo milioni 500 ni wakati jiwe lilipokuwa linapoa baada ya mgongano kupita. Milioni 640, kama zimetoka kwenye ukingo wa punje, zinaangukia mgongano wa Mkanda wa Msumbiji (ukanda wa miamba ya mashariki mwa Afrika), bara kuu la kale la Gondwana lilipokuwa linaunganika. Milioni 2,650 ni viini vilivyorithiwa kutoka ukoko wa zamani, wa rika moja na graniti za Mwanza. Majabali ya ziwani, basi, hayakuzaliwa na mgongano huo.

Hilo "kama" ndilo la kuhangaikia. Leza ya kupimia huchimba kwenye punje shimo la mikroni 30 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita). Likikanyaga kiini na ukingo kwa pamoja, linatoa umri wa katikati usio na maana, na kwenye jedwali unaonekana safi kabisa. Dai picha za ndani ya punje zilizopigwa kabla ya kupima. Kisha linganisha saa mbili za urani: 238 yenye nusu-maisha (muda wa nusu yake kuoza) ya miaka milioni 4,468, na 235 yenye milioni 704. Zikipishana kuliko kosa la kipimo, risasi imevuja au tabaka zimechanganyika. Uwiano wa thoriamu kwa urani chini ya 0.1 mara nyingi huashiria ukingo uliokua wakati wa metamofizi, yaani mwamba ulipobadilishwa na joto na shinikizo, ila usiutegemee peke yake.

Na tafadhali, msikubali kuuziwa "umri wa jiwe" kwa kaboni 14. Nusu-maisha yake ni miaka 5,730. Baada ya miaka 50,000 hivi hakuna kinachobaki cha kupima, na gneisi haikuwahi kuwa kiumbe hai. Anayekuja machimboni Geita na kifaa cha mkononi, akidai kitasoma umri wa mwamba na dhahabu iliyomo kwa dakika moja, anawaibia wachimbaji. Kifaa cha eksirei cha mkononi husoma elementi zilizo juu ya jiwe, umri hakisomi. Upimaji wa kweli huanza kwa kusaga kilo kadhaa, kuchekecha, kutenga punje nzito, kuzigandisha kwenye gundi na kuzing'arisha hadi katikati. Kabla ya kulipa, omba matokeo ya kila shimo pamoja na kosa lake, na vipimo vya zirkoni ya rejea (yenye umri unaojulikana tayari) vya siku hiyohiyo.