Soma geji zote mbili kabla hujaongeza gesi

Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi ya AC za magari hapa Dar, dada mmoja aliniletea Toyota IST. AC yake ilipuliza baridi nzuri kama robo saa, halafu ikageuka joto. Akiizima dakika kumi na kuiwasha tena, baridi inarudi. Nikafunga geji ya bluu, ile ya presha ndogo, mshale ukaonyesha chini ya psi 20 (psi ni kipimo cha presha). Nikamwambia gesi imepungua, nikaongeza, akalipa. Siku ya tatu akarudi, na safari hii kompresa, pampu inayosukuma gesi, ilikuwa inawaka na kukata kila baada ya sekunde chache.

Fundi mkubwa wa gereji akaniuliza swali moja tu: "Nyekundu ilisoma ngapi?" Sikuwa na jibu. Geji nyekundu, ile ya presha kubwa, sikuifunga kabisa.

Tangu siku hiyo kila kijana ninayemfundisha naanza naye hapa. Gesi ya AC inazunguka njia moja, ila njia hiyo ina pande mbili, na mipaka yake ni kompresa na valvu ndogo iliyo kwenye evaporeta, sehemu inayopoza hewa, ndani ya dashibodi. Gesi ikitoka kompresa, ikapita kondensa pale mbele ya rejeta mpaka ifike kwenye valvu, hiyo yote ni presha kubwa. Ikishapenya valvu mpaka irudi kompresa, ni presha ndogo. Shika paipu kwa mkono AC ikiwa inafanya kazi: nene ni ya baridi na inatoka jasho, nyembamba inayotoka kompresa ni ya moto, uishike kwa tahadhari. Vifuniko navyo vina alama, L ni presha ndogo, H ni kubwa.

Kwa nini presha mbili? R-134a, ndiyo gesi yenyewe, ikiwa kwenye psi 28 hivi inachemka kwenye nyuzi 0, na inapochemka inanyonya joto la ndani ya gari. Ukiibana mpaka psi 230, inageuka kimiminika hata kwenye nyuzi 60, kwa hiyo kondensa inaweza kulitupa lile joto nje hata katika jua la Februari.

Injini ikiwa imezimwa muda mrefu, geji zote mbili zinalingana. Kwenye nyuzi 30 zitasoma karibu psi 97, gesi iwe imejaa au imebaki nusu. Anayekupimia gari limezimwa na kukwambia gesi ipo ya kutosha, hajapima kitu.

Washa injini, AC mwisho, subiri itulie. Kwa joto letu nategemea bluu kati ya 25 na 45, nyekundu kati ya 180 na 250. Zote zikiwa chini, gesi inavuja mahali. Tafuta madoa ya oili kwenye maungio, paka povu la sabuni, ziba kwanza. Zote zikiwa juu, angalia feni na uchafu wa kondensa, au gesi imezidi. Gari linalopoza barabara ikiwa wazi na kupuliza joto kwenye foleni, mimi huanza na feni. Bluu juu na nyekundu chini, kompresa imechoka.

IST ilikuwa jambo jingine. Bluu ilikuwa inashuka taratibu mpaka chini ya sifuri, maana yake njia imeziba. Kuna mtu alibadilisha paipu bila kuvuta hewa itoke ndani kwa pampu, na hewa ya Dar ina maji. Maji yale yakaganda barafu kwenye tundu la valvu, na AC ikizimwa yanayeyuka. Gesi yangu haikufika popote isipokuwa kupandisha presha upande wa nyekundu, mpaka swichi ya usalama ikawa inaikata kompresa.

Jambo moja naliomba kwa wanaojijazia wenyewe: kopo la gesi lisiunganishwe kamwe upande wa H injini ikiwaka. Presha inarudi ndani ya kopo na linaweza kupasuka mkononi. Vaa miwani pia, gesi ikirukia jicho inaligandisha.

Tulitoa gesi yote kwa mashine, tukabadilisha draya, chujio linalonyonya maji, tukavuta vakyumu, yaani hewa yote itoke, saa nzima na kuangalia kama mshale unapanda. Haukupanda. Tukapima gesi kwa mizani kulingana na stika ya ndani ya boneti. Bluu ikasimama 32, nyekundu 205, na nusu saa baadaye zilikuwa palepale. Yule dada nikamrudishia hela ya mara ya kwanza.