Kibarua wa mwaka mzima si kibarua tena

Swali: Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Busia, upande wa Uganda. Nina wafanyakazi 9, wote vibarua, ninaowalipa shilingi 12,000 kwa siku. Wakanda unga wangu wazuri huondoka kila baada ya miezi michache. Siwezi kuwaongezea malipo mara mbili. Nianzie wapi, na sheria inanidai nini?

Jibu: Ndugu yangu, anzia kwenye neno lenyewe, kibarua, kwa sababu huenda huna hata mmoja. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 haziruhusu mtu kuwekwa katika kazi ya kibarua, hawa tunaowaita lejaleja, kwa zaidi ya miezi 4. Muda huo ukipita, anastahili mkataba wa maandishi pamoja na haki zote za mwajiriwa chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2006, zikiwemo siku 7 za likizo yenye malipo kwa kila miezi 4 ya utumishi na mapumziko ya saa 24 mfululizo baada ya siku 6 za kazi. Wapo waajiri wanaomsimamisha mtu wiki moja kisha wanamrudisha ili wahesabu upya. Nakusihi usiifuate njia hiyo, kwani anayesimamishwa ndiye anayekwenda kutafuta kazi kwa jirani yako.

Kuhusu fedha, chukua mkanda unga anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi: anapata shilingi 312,000. Tangu marekebisho ya mwaka 2022, kila mwajiri, hata mwenye mtu mmoja, anapaswa kuchangia NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Wewe utatoa asilimia 10, yaani 31,200, na yeye atakatwa asilimia 5, yaani 15,600, na zote zifike kwenye mfuko ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Kabla ya kukata shilingi ya kwanza kaa naye umweleze, kwa maana anayeona malipo yamepungua bila maelezo hudhani ameibiwa. Saa za ziada pia zina bei: 12,000 kwa saa 8 ni 1,500 kwa saa, hivyo saa ya 9 ni 2,250, na ya sikukuu ni 3,000.

Kima cha chini cha mshahara hakitakusaidia kupima kama unalipa vizuri, maana kilichopo ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha mwaka 1984. Pima kwa kodi ya chumba na bei ya posho, yaani unga wa mahindi, hapo Busia.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni ratiba inayotabirika, nalo halina gharama kubwa. Katika bekari moja niliyowahi kuishauri, watu wa zamu ya usiku walikuwa wakipigiwa simu saa kumi na mbili jioni kuambiwa wasije, unga haujafika. Mama aliyekwisha kumlipa jirani amlindie mtoto usiku huo alipoteza fedha yake na siku yake pamoja. Tulibandika ratiba ya wiki mbili mlangoni, tukakubaliana kwamba anayefutiwa zamu siku hiyo hiyo analipwa nusu, na siku ya mshahara ikawekwa isiyosogezwa. Sheria haikulazimishi hiyo nusu; ninakushauri kwa sababu meneja aliyejua kwamba zamu iliyofutwa italipiwa alianza kuagiza unga mapema.

Kwa kuwa una tanuri, kumbuka pia bima ya ajali kazini, kwani mtu akiungua akiwa kazini fidia ni juu yako.

Andika mikataba hiyo 9 kwa lugha wanayoisoma, na asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini. Kila mmoja abaki na nakala yake, kwa kuwa ndiyo atakayoonyesha SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, akienda kuomba mkopo. Ukikwama kwenye kifungu chochote, mwone ofisa wa kazi wa wilaya kabla hujatia sahihi.