Nati ya kubana nyuzi kwenye gitaa la umeme: pima kabla ya kuagiza

Ndugu, umeeleza kwamba nati ya kubana nyuzi (kile kipande cha chuma kinachoshika nyuzi pale shingo inapokutana na kichwa) kwenye gitaa la kwaya yenu hapo Dodoma imechakaa, kwamba sauti ya nyuzi hupanda juu ya ilivyotyuniwa kila mnapoikaza, na umeuliza kama mnunue yoyote itakayopatikana. Mimi natengeneza magitaa hapa mjini, na ushauri wangu ni kwamba msinunue kabla ya kupima.

Nati za mfumo wa Floyd Rose, yaani ule unaobana nyuzi kwenye nati na kwenye daraja ili zisipoteze tyuni, hutofautiana kwa upana, na kila upana una namba yake. R2 ina takribani milimita 41.3, na R3 takribani 42.9. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini inatosha kuifanya nati itokeze pembeni mwa shingo na kumkwaruza mpigaji mkono. Angalieni pia kama skrubu zinaingilia nyuma ya shingo au juu yake, kwa sababu matundu hayalingani. Na kama kilicholika ni vile vibao vitatu vya chuma vya kubania nyuzi tu, nunueni vibao na boliti zake. Nati nzima ya nini?

Mnapoitoa ya zamani, msitupe vibati vyembamba vilivyo chini yake, maana ndivyo vinavyoamua kimo. Mkishafunga mpya, bonyezeni uzi kati ya freti (vile vyuma vilivyokingama shingoni) ya pili na ya tatu, kisha tazameni juu ya freti ya kwanza: panatakiwa pabaki upenyo mdogo sana, unaoonekana kwa shida. Uzi ukigusa freti, ongezeni kibati. Hata kipande cha kopo la soda, ambacho unene wake ni kama milimita 0.1, kinafaa, na mafundi pikipiki wana vile vibati vya kupimia valvu ambavyo mnaweza kuazima ili kupata kipimo kamili. Nati ikiwa juu mno hata bila kibati, mpelekeeni fundi apunguze mbao, kwa kuwa mbao iliyokwisha kukatwa hairudi.

Sasa hilo la sauti kupanda, ambalo wengi hudhani ni ubovu wa boliti. Tazameni kwa ubavu kabla ya kubana: uzi unapaswa kuwa umelala kwenye mteremko wote wa nati. Ukiona mwanga kati ya uzi na ukingo wa nyuma, kibao kitausukuma uzi chini na kuuvuta, ndipo sauti inapanda. Dawa yake ni kushusha kile kijiti cha chuma kilicho nyuma ya nati kwa kukaza skrubu zake mbili, halafu mtyuni upya, vidhibiti vidogo vya kutyuni vya kwenye daraja (chuma kinachoshika nyuzi kwenye mwili wa gitaa) vikiwa katikati, ndipo mbane kwa spana ya alenki ya milimita 3, bila kutumia nguvu nyingi.

Kiangazi cha huku hukausha mbao hadi skrubu zinazoshika nati zikalegea, kwa hiyo zikagueni mnapobadilisha nyuzi.

Leteni hapa upana wa shingo na picha ya nyuma yake, nami nitawaambia namba ya kuagiza.