Maswali na Majibu: Mtutu Usafishwe Lini?

Nina bunduki ya kuwindia inayotumia risasi za kisasa. Je, ni lazima niusafishe mtutu kila ninapofyatua, hata kama ni risasi tatu tu?

Si lazima. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huacha masizi, na risasi inapopita hubakiza utando mwembamba wa shaba, lakini hivyo viwili havili chuma kwa siku moja. Mharibifu ni unyevu. Ikiwa umenyeshewa, au bunduki inakwenda kukaa kabatini kwa majuma kadhaa, usafishe mtutu na kuupaka mafuta hata kama umefyatua mara moja tu. Vinginevyo, kipimo changu ni shabaha yenyewe: matundu yaliyozoea kukaa karibu karibu yakianza kutawanyika, ilhali hujabadilisha aina ya risasi wala darubini haijalegea, mtutu unadai brashi. Wenye bunduki za .22, zile ndogo zenye mtutu mwembamba, huenda mbali zaidi. Wengi wao hupitisha mamia ya risasi bila kuugusa mtutu, na bado hulenga vizuri.

Nimerithi gobori, ile bunduki ya kushindilia baruti nyeusi kwa mdomo wa mtutu. Kanuni ni hiyo hiyo?

Hapana, na hapa sina mjadala: gobori husafishwa siku ile ile lilipotumika. Mabaki ya baruti nyeusi hunyonya unyevu hewani, na kutu yaweza kuonekana kesho yake asubuhi. Tumia maji ya moto yenye sabuni, kausha hadi kitambaa kitoke kikavu kabisa, kisha paka mafuta. Lakini kabla ya yote, hakikisha halina shehena, yaani baruti na risasi ndani, kwa sababu gobori la urithi huweza kuwa limeshindiliwa tangu enzi za mwenyewe.

Vivyo hivyo kwa risasi za kijeshi za zamani ambazo fataki zake, yaani viwashio vilivyo kitakoni mwa risasi, zina klorati ya potasiamu. Hizo huacha chumvi, na mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huiondoa.

Kitambaa hutoka na rangi ya buluu iliyochanganyika na kijani kila ninapokipitisha. Nitasugua mpaka lini?

Rangi hiyo ni shaba iliyoyeyushwa na dawa ya kusafishia yenye amonia. Kabla ya kuulaumu mtutu, tazama ncha ya ufito wako wa kusafishia: ikiwa nayo ni ya shaba, dawa inaila hiyo ncha, nawe utasugua hadi usiku ukifukuza uchafu unaouingiza mwenyewe. Jaribu ncha ya plastiki.

Kusafisha mno kunaweza kuharibu?

Kunaweza, hasa ufito ukiingizwa kwa mdomo wa mtutu. Ukingo ule ndio wa mwisho kuiaga risasi, na ufito ukiulalia upande mmoja kila mara, huuchubua na kuipotosha shabaha. Bunduki inayoruhusu kusafishwa kutokea nyuma, kwenye chemba risasi inapokaa, isafishwe hivyo, tena kwa ufito ulionyooka na kufutwa kila unapotoka.

Nifyatue na mafuta yakiwa ndani?

Futa kwanza kwa kitambaa kikavu. Mafuta yaliyojaa huipeleka risasi ya kwanza kando, na yakizidi huongeza shinikizo. Bunduki ikiwa tupu na chemba ikiwa wazi, chungulia pia kama hukusahau kipande cha kitambaa ndani, kwani mtutu ulioziba unaweza kupasuka mkononi.